Juisi ya machungwa na mguu uliovunjika: kisa cha Graham dhidi ya Connor

Tarehe 12 Novemba 1984, mjini Charlotte, jimbo la North Carolina, Dethorne Graham alihisi sukari yake inashuka. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, wa kutumia insulini, na mtu wa namna hiyo huijua hali hiyo kabla kipimo hakijasema kitu: jasho linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, kisha akili inaanza kumpotea. Dawa yake ni kitu chochote chenye sukari, na kiwe upesi. Akamwomba rafiki yake ampeleke kwa gari hadi dukani akanunue juisi ya machungwa.

Akaingia dukani, akakuta foleni ndefu kwenye kaunta. Akaona hapa nikisubiri nitaanguka humu humu. Akatoka haraka, akarudi garini, akasema waende nyumbani kwa rafiki mwingine, huko sukari haitakosekana.

Jirani na pale alikuwapo Connor, askari wa polisi ya Charlotte. Alichokiona yeye ni hiki tu: mtu kaingia dukani mbio, katoka mbio zaidi, gari limeondoka. Akalifuata, akalisimamisha kama nusu maili mbele. Mpaka hapo sioni mtu wa kumlaumu. Askari anayeona mtu akichomoka dukani namna ile na asijiulize kitu, huyo naye ana kasoro yake.

Mwenye gari akamweleza askari kwamba mwenzake ni mgonjwa, sukari imemshuka. Connor akawaambia wasubiri mpaka ajue kilichotokea dukani, akarudi kwenye gari lake kuita wenzake kwa redio. Wakati huo Graham akashuka, akalizunguka gari mara mbili akikimbia, akaketi kwenye ukingo wa barabara, akazimia kwa muda mfupi.

Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa kisukari anaujua mzunguko ule wa gari. Nyumbani kwetu tulikuwa na mzee ambaye sukari ikimshuka alikataa katakata kwamba ana tatizo. Alifoka, alisukuma watu, alitaka kutoka nje bila viatu. Ukifanikiwa kumnywesha soda, baada ya robo saa anakuuliza kwa upole kwa nini shati lake limelowa. Ubongo hauna akiba kubwa ya sukari. Ukikatiwa, tabia ndiyo inayoharibika kwanza, na kwa asiyejua huyo ni mlevi.

Na ndivyo walivyoona askari waliofika kumsaidia Connor. Mmoja alimgeuza Graham pale chini, akamfunga pingu mikono nyuma, pingu za kubana, huku rafiki yake akiwasihi wampe sukari. Mwingine akasema ameshaona wenye kisukari wengi na hakuna aliyewahi kufanya hivi. Huyu kalewa tu, mfungieni ndani. Aliyasema kwa matusi ambayo mahakama iliyaandika kwa herufi za mwanzo na mimi nayaacha. Wakambeba, wakamlaza kifudifudi juu ya boneti ya gari la rafiki yake. Fahamu zilipomrudia, akawaomba waangalie kwenye waleti yake, kuna alama ya kuonyesha kwamba ana kisukari. Akaambiwa anyamaze, na uso wake ukakandamizwa kwenye bati. Askari wanne wakamnyanyua, wakamtupa kichwa mbele ndani ya gari la polisi.

Kisha kikatokea kitu ambacho kila nikikisoma kisa hiki hunifanya nisimame. Rafiki mwingine alifika na juisi ya machungwa mkononi. Mgonjwa yumo ndani ya gari, ana pingu, mlango umefungwa, hawezi kumdhuru mtu. Askari wakakataa asipewe.

Taarifa ya dukani ikaja mwishowe: hakuna kilichoibwa, hakuna aliyeguswa. Wakampeleka Graham nyumbani kwake, wakamwacha. Mguu ulikuwa umevunjika kwenye wayo, vifundo vya mikono vimechanika kwa pingu, paji la uso limevilia damu, bega limeumia, na sikio la kulia likawa na mlio ambao alisema haukumwacha.

Niseme mapema kwamba hayo ni maelezo ya upande wa Graham. Kwa sababu nitakayoieleza hapa chini, Mahakama ya Juu iliyasimulia mambo kama ushahidi wake ulivyoyatoa.

Sasa huyu mtu anadai wapi? Hakushtakiwa kwa kosa lolote, kwa hiyo hakuna kesi ya jinai ya kumsafisha. Askari nao hawakufunguliwa mashtaka. Iliyobaki ni kesi ya madai, na mlango wa madai ya namna hii Marekani unaitwa Kifungu cha 1983.

Namba hiyo huwapoteza wengi, wakidhani ni mwaka. Ni namba ya kifungu tu, ndani ya sura ya 42 ya sheria za shirikisho. Sheria yenyewe ni ya 1871, miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati Ku Klux Klan walipokuwa wakiwachapa na kuwaua watu weusi huko Kusini, na masherifu ama wanatazama pembeni ama wamo humo humo kundini. Bunge la Washington likaweka kanuni kwamba yeyote anayetumia mamlaka ya jimbo kumvunjia mtu haki yake ya kikatiba, mtu huyo anaweza kumdai fidia katika mahakama ya shirikisho. Sheria ikalala karibu miaka 90. Iliamshwa 1961 katika kesi ya Monroe dhidi ya Pape, ya askari 13 wa Chicago waliovamia nyumba ya familia moja alfajiri, wakawatoa vitandani, wakawasimamisha uchi sebuleni wakati wakipekua. Tangu hapo ndiyo njia kuu ya aliyeumizwa na polisi.

Lakini kifungu hicho hakitoi haki yenyewe. Kinauliza: haki gani ya kikatiba imevunjwa? Katiba ya Marekani haina sentensi inayosema polisi wasikupige. Ni lazima udai kupitia ibara nyingine, na ibara utakayochagua ndiyo inayoleta kipimo. Kesi nzima ya Graham ilitegemea uchaguzi huo.

Mahakama za chini zilikuwa na mazoea ya kutumia kipimo kilichotoka katika kesi ya Johnson dhidi ya Glick, ya 1973, kuhusu mahabusu wa New York aliyedai kupigwa na ofisa wa magereza. Kipimo hicho kilikuwa na maswali manne: nguvu ilihitajika? Iliyotumika ililingana na haja? Majeraha ni makubwa kiasi gani? Na la nne, lililowamaliza wadai wengi: je, nguvu ilitumika kwa nia njema ya kulinda utulivu, au kwa roho mbaya, kwa kusudi la kuumiza tu?

Lifikirie swali hilo la nne ukiwa wewe ndiye mwenye mguu uliovunjika. Unatakiwa kuthibitisha kilichokuwamo moyoni mwa askari. Yeye atasema nilidhani ni mlevi, nilikuwa natuliza hali. Wewe utasema nini? Matusi aliyoyatoa ni ushahidi, lakini wakili wake atajibu kwamba lugha ya barabarani si kusudi la kuumiza.

Jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho alitumia kipimo hicho. Graham na mashahidi wake walipomaliza kutoa ushahidi, mawakili wa askari na wa jiji waliomba kesi iishie hapo, na jaji akakubali. Kwa lugha ya mahakama zetu ungesema aliwaona wadaiwa hawana kesi ya kujibu, ingawa sisi tumezoea kusikia hivyo kwenye jinai. Juri, wale raia wa kawaida waliokaa kusikiliza, hawakupewa nafasi ya kuamua kitu. Na kwa kuwa kesi ilifungwa kabla ya upande wa pili kujitetea, mahakama za juu zilibidi ziutazame ushahidi kwa namna inayompendelea Graham.

Sababu za jaji zinafaa kusomwa polepole. Alisema nguvu iliyotumika ilifaa kwa mazingira yale. Alisema haikutumika kwa roho mbaya, ila kwa juhudi ya nia njema ya kutunza utulivu katika hali iliyoweza kulipuka. Na alisema hapakuwa na jeraha la kuonekana. Wayo umevunjika, na hapakuwa na jeraha la kuonekana! Nimewahi kumsomea hukumu hiyo daktari mmoja rafiki yangu, akaniomba nirudie sentensi.

Mahakama ya Rufani ya kanda hiyo, iitwayo mzunguko wa nne, ikaunga mkono, ingawa majaji wake waligawanyika. Ikabaki Mahakama ya Juu, Washington. Kesi ilisikilizwa Februari 1989, hukumu ikatoka tarehe 15 Mei 1989, imeandikwa na Jaji Mkuu William Rehnquist. Majaji wote walikubaliana kwamba hukumu ya chini itenguliwe. Watatu, wakiongozwa na Harry Blackmun, waliongeza maoni yao kwa sababu hawakutaka kwenda umbali wote aliokwenda Rehnquist.

Walichoamua, ukikiondoa lugha ya kisheria, ni mambo mawili. La kwanza linamfaa raia. Askari anapokusimamisha au kukukamata, ibara inayohusika ni ile ya Marekebisho ya Nne ya Katiba, inayokataza kukamatwa na kupekuliwa kusiko na msingi. Ibara hiyo haiulizi nia. Rehnquist aliandika wazi kwamba roho mbaya ya askari haiwezi kuigeuza nguvu ya halali ikawa kosa, na wala nia yake njema haiwezi kuihalalisha nguvu iliyopita kiasi. Swali la nne likatupwa nje. Mdai hahitaji tena kuingia moyoni mwa mtu.

La pili linamfaa askari. Uhalali wa nguvu, Mahakama ikasema, utapimwa kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo pale, si kwa macho ya mtu anayejua mwisho wa hadithi. Lazima ikumbukwe kwamba askari hulazimika kuamua ndani ya sekunde chache, katika hali ya wasiwasi inayobadilika upesi. Si kila msukumo unaoonekana wa bure ukiwa umetulia ofisini kwa jaji ni uvunjaji wa katiba. Sentensi hizo mbili tatu zimenukuliwa na mawakili wa polisi tangu siku hiyo hadi leo, na ni vigumu kuikuta kesi ya polisi ambayo hazimo.

Katikati ya mawili hayo Mahakama iliweka mambo matatu ya kuangaliwa: ukubwa wa kosa linaloshukiwa, kama mtu alikuwa hatari ya papo hapo kwa askari au wengine, na kama alikuwa anapambana kukataa kukamatwa au kujaribu kukimbia.

Hebu tumpitishe Graham mwenyewe katika mizani hiyo, maana Mahakama ya Juu haikufanya hivyo. Ilirudisha kesi chini.

Kosa linaloshukiwa: labda wizi wa dukani, na hata huo ni dhana ya askari mmoja aliyeona haraka ya mtu. Hakuna aliyepiga kelele za mwizi. Hatari ya papo hapo: hana silaha, amekaa ukingoni mwa barabara, amezimia. Kupambana: hapa polisi wana la kusema. Mtu kaambiwa asubiri, kashuka, kakimbia akizunguka gari, na baadaye wakati wa kuingizwa garini si ajabu alikuwa akijinyonganyonga. Ukiwa wewe ni askari wa tatu kufika, hukusikia habari za sukari, unaona mtu anayejitupatupa. Kumfunga pingu pengine ungeona ni lazima. Mimi pingu nawaachia.

Boneti siwaachii. Mtu ambaye ameshafungwa mikono na anaomba waleti yake ifunguliwe anakupa njia ya kuthibitisha maneno yake kwa sekunde 10. Hapa zile sekunde chache za wasiwasi hazipo tena. Una muda wote unaoutaka, na umeutumia kumkandamiza uso. Na ile juisi ndiyo kabisa. Pale hakuna hata moja ya yale matatu.

Lakini tazama jinsi sheria inavyoweza kupitwa na jambo lililo wazi kwa mtu yeyote mwenye mgonjwa nyumbani. Kunyimwa juisi si kutumia nguvu. Hakuna aliyeguswa. Ni kunyimwa matibabu ukiwa mikononi mwa polisi, na hilo lina mlango wake mwingine wenye kipimo kingine, kigumu zaidi. Wiki moja tu baada ya kesi ya Graham kusikilizwa, Mahakama hiyo hiyo ilitoa hukumu ya City of Canton dhidi ya Harris, kuhusu mwanamke wa Ohio aliyeanguka sakafuni kituoni na kuachwa hapo bila daktari. Katika hiyo ilisema jiji linaweza kuwajibika kwa kutowafundisha askari wake, ila tu pale kutojali kwake kunapokuwa kwa makusudi. Kwa hiyo kitendo kibaya kuliko vyote katika kisa cha Graham, kwa hesabu yangu, ndicho kilichokuwa kigumu zaidi kukiweka ndani ya swali ambalo kesi yake ilikuja kujulikana kwalo.

Kesi ikarudi North Carolina, ikasikilizwa upya kwa kipimo kipya. Safari hii juri ilipewa nafasi ya kuamua. Ikaamua upande wa askari. Graham hakulipwa.

Mtu anaweza kusema basi kipimo hakikuwa na maana. Sikubaliani naye, ingawa namwelewa. Kipimo kiliwafaa wengine waliokuja baadaye, ambao chini ya swali la nia wangefungiwa mlango kama yeye alivyofungiwa mara ya kwanza. Lakini kipimo kinachomtaka mtu avae macho ya askari kinafanya kazi kubwa zaidi ndani ya chumba cha juri kuliko kwenye karatasi. Raia 12, au pungufu ya hapo, wanaambiwa wasihukumu kwa waliyoyajua baadaye. Wanaambiwa wafikirie redio, mtu anayekimbia kuzunguka gari. Ni wachache kati yao waliowahi kuona sukari ya mtu ikishuka. Wengi wameona mlevi. Na mwaka 1984 hapakuwa na kamera ya kifuani wala simu ya mpita njia. Ilikuwa Graham na rafiki zake kwa upande mmoja, na safu ya askari waliovaa sare upande wa pili.

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wengi wa hukumu hulipita. Katika tanbihi moja, Mahakama ilitaja kwamba hakuna mdaiwa aliyejitetea kwa kinga, kwa hiyo haikusema lolote kuhusu kinga. Kinga hiyo ni ile inayomlinda mtumishi wa umma asilipe isipokuwa haki aliyoivunja ilikuwa imeshawekwa bayana na mahakama wakati alipoivunja. Ilipewa sura yake ya sasa 1982. Leo hakuna wakili wa polisi anayesahau kuidai. Angekuja Graham leo na kesi ile ile, swali la kwanza lisingekuwa kama nguvu ilipita kiasi. Lingekuwa: kuna hukumu gani ya nyuma, yenye mambo yanayofanana sana na haya, iliyomwambia askari kwamba kumkandamiza mgonjwa wa kisukari kwenye boneti ni kosa? Kama haipo, kesi inaweza kufa hata kama kila mtu chumbani anakubali kwamba alitendewa vibaya. Ni ajabu ya sheria ile kwamba wa kwanza kutendewa jambo jipya ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote.

Na pesa zenyewe hutoka wapi? Watu wengi wa kwetu wanaofika Marekani hudhani, kama ilivyo kwa mwajiri wa dereva, kwamba ukiumizwa na askari basi jiji linawajibika moja kwa moja. Sivyo. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu iitwayo Monell, ya 1978, unaweza kulishtaki jiji, lakini ni lazima uonyeshe kwamba madhara yalitokana na sera yake au desturi yake, si kwamba tu aliyekuumiza ameajiriwa nalo. Unamshtaki askari kwa jina lake. Hata hivyo, profesa wa sheria Joanna Schwartz alipofuatilia malipo ya miaka ya 2006 hadi 2011 katika miji na kaunti nyingi, alikuta askari wenyewe walichangia takriban asilimia 0.02 ya fedha zilizolipwa kwa walioshinda. Zilizobaki zote zililipwa na serikali zao. Kwenye karatasi anadaiwa askari, na hazina ya jiji ndiyo inayofunguliwa.

Ndiyo maana malipo makubwa tunayoyasikia huwa ni makubaliano na jiji, si hukumu za juri. Minneapolis ilikubali kuilipa familia ya George Floyd, aliyeuawa na askari, dola milioni 27 mwezi Machi 2021, kesi ya jinai ya askari ikiwa bado inatafuta wajumbe wa juri. Louisville ilikubali kuilipa familia ya Breonna Taylor, aliyeuawa kwa risasi za polisi, dola milioni 12 Septemba 2020. Rodney King yeye alikwenda mpaka mbele ya juri, na 1994 akapewa dola milioni 3.8 dhidi ya jiji la Los Angeles, miaka miwili baada ya juri nyingine, ya jinai, kukataa kuwatia hatiani askari waliompiga. Hilo la mwisho huwashangaza watu: askari kaachiwa, na bado fidia imelipwa. Katika jinai lazima shaka yote ya maana iondoke. Katika madai inatosha mizani ielemee upande wako.

Wengi hawafiki huko. Anayeshinda anaweza kupewa gharama za matibabu, mshahara aliopoteza, na maumivu. Askari, si jiji, anaweza pia kuongezewa fidia ya kumwadhibu. Lakini juri ikiona haki ilivunjwa na haikuona hasara iliyothibitishwa, inaweza kukupa dola 1. Mwaka 1992, katika kesi ya Farrar dhidi ya Hobby, mdai aliyetaka dola milioni 17 aliambulia dola 1, na Mahakama ya Juu ikasema wakili wake hastahili kulipwa kitu na upande ulioshindwa. Hivyo wakili wa Marekani anapokusikiliza mara ya kwanza, hata kama ana huruma, kichwani anahesabu mifupa iliyovunjika na karatasi za hospitali.

Karatasi hizo ndizo zinazonifanya nifikirie watu wetu walioko Minnesota, Ohio au Texas. Aliyekulia Tanzania akiumizwa anawaza PF3, wa Kenya anawaza P3, na wote wanawaza kwanza kwenda kituoni. Kule hakuna fomu hiyo. Unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, na anachoandika daktari wa dharura ndicho kinachosimama mahali pa fomu. Mweleze kila panapouma, hata sikio linalolia, kwa sababu kisichoandikwa siku ile kitaitwa baadaye jambo la kubuni. Malalamiko kwenye ofisi ya polisi si kesi, na kuyasubiri yajibiwe hakusimamishi saa.

Saa yenyewe hutofautiana. Kifungu cha 1983 hakina muda wake. Kinaazima wa jimbo kwa madai ya majeraha. North Carolina ni miaka 3, Texas na Ohio 2, Minnesota 6, Tennessee mwaka 1 tu. Ukitaka kudai pia chini ya sheria za jimbo lenyewe, California inakutaka uwe umepeleka dai kwa ofisi ya umma ndani ya miezi 6.

Na kuna mtego mmoja ambao Graham aliuepuka bila kujua, kwa kuwa polisi hawakumshtaki. Mara nyingi aliyepigwa hufunguliwa shtaka la kukataa kukamatwa, na mwendesha mashtaka humpa nafasi: kiri, ulipe faini ndogo, uende nyumbani leo. Mgeni mwenye kibarua cha kesho asubuhi hukiri. Tangu hukumu ya Heck dhidi ya Humphrey ya 1994, dai la fidia linalopingana na hatia iliyokwisha kutolewa haliwezi kuendelea mpaka hatia hiyo ifutwe. Mtu anasaini apone usumbufu wa siku moja, kumbe ametia saini na kufunga mlango wa madai.

Kwa miaka mingi baada ya 1989, baadhi ya mahakama za rufani ziliibana zaidi kesi ya Graham. Zilisema kinachotazamwa ni sekunde ile tu ya hatari, si yaliyoitangulia. Kwa kipimo hicho, haijalishi askari alijiingizaje katika hatari. Nje ya Houston, mwaka 2016, askari alisimamisha gari lililokuwa na deni la ushuru wa barabara. Gari lilipoanza kusogea akalirukia, akasimama kwenye kizingiti cha mlango, akafyatua risasi ndani, dereva akafa. Mama yake akadai. Mahakama za chini zikatazama sekunde 2 za mwisho, zikaona askari juu ya gari linalokwenda, zikamwachilia.

Kesi hiyo, Barnes dhidi ya Felix, ilifika Mahakama ya Juu, na majaji wote 9 wakakikataa kipimo cha sekunde. Jaji Elena Kagan aliandika kwamba hali yote ndiyo inayopimwa, na hali yote haianzi pale risasi inapotoka. Kwa Graham hiyo ingekuwa na maana ya kuanzia dirishani mwa gari, pale rafiki yake aliposema neno sukari kabla pingu hazijatoka. Hukumu ilitolewa tarehe 15 Mei 2025, siku ile ile iliyotoka ya Graham miaka 36 nyuma. Nayo haikumpa yule mama fidia. Iliirudisha kesi chini, ikasikilizwe upya.